Mnara Ulioanguka

Somo: Luka 13:1-9



Siku hizi watu wa mtaa wetu husafiri kuliko zamani. Wapo vijana wetu wanaokwenda masomoni Ulaya, wapo watumishi wanaopelekwa mikutanoni na kazi zao, na wapo wazazi wanaokwenda kuwaona watoto na wajukuu waliohamia huko. Wakirudi hutuletea salamu, na picha, na mara nyingine maswali. Swali moja nimeulizwa zaidi ya mara mbili: Je, yafaa Mkristo akiwa ugenini aende kutazama mahali palipotokea mambo ya vita, mahali watu walipouawa, kana kwamba anakwenda kutazama wanyama mbugani? Na akienda, afanye nini huko?

Swali hili ni zuri, tena si dogo. Katika mfano wa Msamaria mwema watu watatu walipita njia moja, na wote watatu walimwona yule aliyejeruhiwa. Macho yao yaliona kitu kile kile. Kilichowatenganisha ni kile walichofanya baada ya kuona. Basi hata msafiri wa leo, jambo kubwa si kwamba ameona, bali ni kwamba moyo wake umefanya nini na yale aliyoyaona.

Tumtazame Bwana wetu mwenyewe. Mtakatifu Luka anatuambia kwamba watu walimjia Yesu na habari za mauaji. Wagalilaya waliokuwa wakitoa sadaka waliuawa kwa amri ya Pilato, damu yao ikachanganyika na damu ya sadaka zao. Labda walioleta habari walitazamia Bwana amlaani Pilato. Labda walitaka kujua wale waliokufa walikuwa na dhambi gani hata wakapatwa na mambo yale. Bwana hakuwapa jibu la namna hiyo. Aliongeza habari ya pili, ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Akasema wazi kwamba wale waliokufa hawakuwa wabaya kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia wale wale waliokuja na habari, akawaambia kwamba wao wenyewe wanapaswa kutubu.

Hilo ndilo fundisho letu la leo. Mtu aliyesimama mbele ya mnara ulioanguka hupenda kuuliza habari za watu wengine: nani aliuangusha, na nani aliangukiwa. Ni maswali ya haki, na yana majibu. Lakini Bwana hamwachi mtu aondoke kabla hajaulizwa na yeye habari zake.

MNARA WA BERLIN

Nitachukua mji mmoja tu, nao ni Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Nauchukua kwa sababu vita kuu ya pili iliamriwa huko, na kwa sababu mji huo haukuficha makovu yake. Umeyaacha wazi ili wageni na wenyeji wayaone. Tena mji huo si mgeni kabisa kwetu. Ni huko wakubwa wa Ulaya walikokutana tangu 15 Novemba 1884 hata 26 Februari 1885, wakakubaliana kanuni za kuigawana Afrika, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeketi pamoja nao mezani.

Upande wa magharibi wa mji lipo kanisa lililojengwa kati ya mwaka 1891 na 1895 kwa ukumbusho wa Kaisari Wilhelm wa Kwanza. Lilikuwa kanisa la fahari, na mnara wake ulikuwa na urefu wa mita 113. Usiku wa kuamkia 23 Novemba 1943 ndege za Waingereza zililipiga kwa mabomu, likaungua, na ncha ya mnara ikavunjika. Baada ya vita, fundi aliyechora kanisa jipya alitaka gofu lile libomolewe, lakini watu wa mji walilia na kukataa. Basi mnara ukaachwa hivyo hivyo, umekatika juu, na wenyeji kwa utani huuita jino lililotoboka. Kando yake likajengwa kanisa jipya lililowekwa wakfu Desemba 1961. Kuta zake zina vioo vya rangi ya buluu zaidi ya 20,000, vilivyotengenezwa Ufaransa, nchi ambayo miaka michache tu nyuma ilikuwa imetekwa na majeshi ya Ujerumani.

Ndani ya gofu la mnara umo msalaba mdogo wa misumari. Habari yake ni hii. Usiku wa 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliupiga mji wa Coventry huko Uingereza. Zaidi ya watu 500 walikufa, na kanisa kuu la mji, kanisa letu la Kianglikana, likateketea. Katika majivu ilipatikana misumari mirefu ya zamani iliyoshika dari, nayo ikafungwa pamoja kuwa msalaba. Provosti Richard Howard, mkuu wa kanisa lile, hakutaka magofu yawe mahali pa kuchochea kisasi. Katika ukuta nyuma ya altare ya magofu yakaandikwa maneno mawili tu: Baba, samehe.

Sisi wasemao Kiswahili twaweza kuliona jambo hili upesi. Bwana alipokuwa msalabani aliwaombea watu wengine, waliomsulubisha, naye alikuwa na haki ya kuomba hivyo kwa sababu peke yake hakuwa na dhambi. Katika Biblia zetu neno la sala ile lina "wa" ndani yake, yaani wao, watu wale. Katika ukuta wa Coventry "wa" hiyo haimo. Haikuandikwa uwasamehe. Imeandikwa samehe, ili kila asomaye, Mwingereza au Mjerumani au mgeni kutoka kwetu, aingie mwenyewe ndani ya sala. Msalaba wa misumari kutoka Coventry ukapelekwa Berlin, ukawekwa katika kanisa lililovunjwa na mabomu ya Waingereza.

Na katika kanisa jipya imo picha ya Bikira Maria amemkumbatia Mtoto ndani ya nguo yake. Ilichorwa kwa mkaa wakati wa Krismasi ya mwaka 1942, nyuma ya ramani ya Kirusi, na Kurt Reuber, mchungaji aliyekuwa daktari katika jeshi la Ujerumani. Jeshi lile lilikuwa limekwenda kuteka nchi ya watu, nalo likazingirwa Stalingrad. Reuber alikufa akiwa mfungwa wa vita mwaka 1944. Nakala za picha yake zimewekwa Coventry na katika mji ule ule wa Stalingrad, ambao sasa unaitwa Volgograd. Hivyo maadui watatu wa zamani wanaiangalia picha moja ya mama na mtoto.

MEZANI NA STESHENI

Lakini asije mtu akadhani kwamba vita ile ilikuwa ni ndege na mabomu tu. Msafiri akitoka katikati ya mji akaenda kwenye ziwa la Wannsee ataona jumba zuri lenye bustani. Tarehe 20 Januari 1942 watu 15 walikutana humo. Hawakuwa wanyang'anyi wa porini. Walikuwa wakubwa wa serikali na wa chama cha Nazi, na zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada za udaktari wa vyuo vikuu. Walikaa kama saa moja na nusu. Mbele yao ilikuwapo orodha ya nchi za Ulaya na hesabu ya Wayahudi wa kila nchi, jumla zaidi ya milioni 11. Walizungumza jinsi wizara zao zitakavyosaidiana katika kazi ya kuwaangamiza. Mauaji yalikuwa yamekwisha kuanza. Wao walikutana ili kazi iende vizuri. Taarifa ya mkutano ikaandikwa kwa lugha ya ofisi, safi, isiyo na damu.

Kisha aende stesheni ya Grunewald, kwenye Reli ya 17. Hakuna treni inayopita hapo sasa, na miti imeachwa iote katikati ya reli. Kando ya reli zimelazwa bamba za chuma 186. Kila bamba ina tarehe, hesabu ya Wayahudi waliopakiwa, na mahali walikopelekwa. Treni ya kwanza iliwachukua Wayahudi wa Berlin tarehe 18 Oktoba 1941. Watu wale walikusanywa katika sinagogi la mtaa wa Levetzow, wakatembezwa barabarani hata stesheni, na mabunda yao mikononi, watoto na wazee. Jumla ya Wayahudi zaidi ya 50,000 walihamishwa kutoka mji ule, na wengi hawakurudi. Bamba za mwisho ni za mwaka 1945, wakati vita ilikuwa karibu kwisha na kila mtu alijua imekwisha kushindwa. Hata hivyo treni iliandaliwa, tikiti zikahesabiwa, na watu wakapakiwa.

Ndugu, hapo ndipo pa kusimama kwa muda mrefu. Kwa maana ili treni moja iondoke, ilihitaji mikono mingi. Karani aliandika majina. Posta ilipeleka barua ya mwito. Polisi alisimama mlangoni. Mtu wa reli alipanga saa. Jirani wa ghorofa ya chini alitazama dirishani, kisha akafunga pazia. Na wiki iliyofuata labda alinunua kwa bei rahisi meza na kabati za wale walioondoka. Wengi wa watu hawa hawakumpiga mtu hata kofi. Kila mmoja alifanya kipande chake kidogo cha kazi, akarudi nyumbani akala chakula cha jioni na watoto wake.

Sisi tukisoma habari hizi hupenda kujiweka mahali pazuri. Kila mmoja hujiambia: Kama ningalikuwako, ningalimficha Myahudi darini mwangu. Huenda. Lakini jiulize: leo, jina la mtu asiye na hatia linapopelekwa mbele ya wakubwa, wewe husema nini? Mjane anapofukuzwa katika shamba la mumewe na ndugu wa marehemu, na wewe wajua mpaka ulipo, je, hushuhudia, au husema hayo ni mambo ya ukoo wao? Mwizi anapokamatwa sokoni na watu wakaanza kuokota mawe na kutafuta mafuta ya taa, wewe husimama upande gani? Mtu ambaye leo hapati ujasiri wa kusema neno moja mbele ya majirani zake, asijihesabie ujasiri wa mwaka 1942.

MIMBARI NA SALA

Tena lipo jambo linalotuhusu sisi watu wa Kanisa zaidi ya wengine. Katika sehemu ya kusini ya Berlin iitwayo Mariendorf kuna kanisa la Kiprotestanti lililowekwa wakfu mwishoni mwa mwaka 1935, wakati Wanazi wakitawala. Mafundi wake walichonga mimbari nzuri ya mti yenye sanamu ya Bwana Yesu na watu wanaomsikiliza, na miongoni mwa wasikilizaji hao wakamweka askari mwenye kofia ya chuma. Katika tao la ndani, alama za imani yetu zimepangwa pamoja na vichwa vya askari. Alama za Nazi zilizokuwamo ziliondolewa baada ya vita, lakini mambo mengine yameachwa yaonekane.

Watu waliosali mle walibatizwa kama sisi, waliimba kama sisi, na watoto wao walijifunza katekisimu. Haikuwapasa kuiacha imani ili waingize uovu kanisani. Waliuingiza kidogo kidogo, mpaka wakauchonga kwenye mimbari. Na mbegu ilikuwa imepandwa zamani sana. Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya walifundishwa kuwadharau Wayahudi, wakasahau kwamba Bwana wetu ni Myahudi, na Mama yake ni Myahudi, na Mitume ni Wayahudi. Tuseme kweli hii bila kuizunguka: Kanisa lilikuwa na sehemu yake katika dhambi ile.

Lakini katika mji ule ule Mungu hakujiacha bila shahidi. Karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Hedwig uko uwanja ambapo tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi walichoma maelfu ya vitabu motoni. Leo chini ya uwanja, mtu akiinama na kutazama kupitia kioo, ataona chumba cheupe chenye makabati matupu yanayoweza kuchukua vitabu 20,000. Katika kanisa hilo kuu la Kikatoliki alikuwapo padre mmoja, Bernhard Lichtenberg. Masinagogi yalipochomwa usiku wa 9 Novemba 1938, alianza kuwaombea Wayahudi na wafungwa wa kambi za mateso, mbele ya watu wote, katika Sala ya Jioni. Aliomba hivyo siku baada ya siku, karibu miaka mitatu. Mwaka 1941 wanafunzi wawili wa kike waliisikia sala yake wakamchongea. Akakamatwa, akafungwa, na kifungo kilipokwisha wakaamua kumpeleka kambi ya Dachau. Alikufa njiani tarehe 5 Novemba 1943, mzee wa miaka 67, mgonjwa wa moyo.

Angalieni silaha yake. Hakuwa na bunduki wala kundi. Alikuwa na Sala ya Jioni, ile ambayo sisi mara nyingi twaikuta na watu wanne. Serikali yenye majeshi iliiogopa sala iliyotaja watu waliokatazwa kutajwa. Basi tusiseme kwamba maombi ya Kanisa ni maneno ya kawaida tu. Tujiulize ni nani hatumtaji katika maombi yetu, na kwa nini.

JINA BARABARANI

Mahali pa mwisho nitakapowapeleka ni padogo kuliko pote. Katika njia za Berlin wanapopita waendao kwa miguu, mtu huona mara kwa mara bamba ndogo ya shaba ya manjano, yenye upana wa sentimita 10, imezikwa kati ya mawe ya njia mbele ya mlango wa nyumba. Juu yake limeandikwa jina la mtu aliyeishi hapo, mwaka wa kuzaliwa, na yaliyompata. Kazi hii ilianzishwa na msanii Gunter Demnig katika miaka ya 1990, na sasa bamba hizo zimepita 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Ni ndogo makusudi. Mtu hawezi kusoma asipoinamisha kichwa.

Mbele ya nyumba namba 193 katika mtaa wa Brunnen limo jina la mtu wa kwetu: Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto wa miaka kumi hivi alichukuliwa pamoja na baba yake katika jeshi la Wajerumani wakati wa vita kuu ya kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaidai serikali mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Alikataliwa. Akabaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia wageni mezani, akaigiza katika sinema, na akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Ndiyo, katika mji ule ule, katika miaka ile ile, lugha hii tunayoomba nayo ilikuwa ikisikika darasani kutoka kinywani mwake. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sheria za rangi, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen kaskazini ya Berlin, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944.

Hatumtaji kama mtakatifu. Hakuwa wa kanisa letu, na maisha yake yalikuwa na mchanganyiko kama ya kila mtu. Twamtaja kwa sababu alikuwa mtu, na kwa sababu wale waliomwua walitaka asikumbukwe. Mungu aliyemwumba hakumsahau, na mtu mmoja mjini alichimba shimo dogo njiani akaliweka jina lake.

Hapo swali la Bwana linatufuata mpaka nyumbani. Katika vita ile ya kwanza, wapagazi wengi mno kutoka nchi zetu walibeba mizigo ya majeshi ya pande zote wakafa kwa njaa na maradhi. Wazee wetu wa Unguja wanakumbuka kwamba Askofu Frank Weston mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi mwaka 1916, akitembea pamoja nao. Wengi waliokufa hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Magharibi, na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Yupo mzee katika nyumba zetu ambaye bado anajua jina la babu yake aliyechukuliwa mzigoni asirudi. Mwulizeni kabla hajalala. Liandikeni, mlilete lisomwe altareni Siku ya Marehemu Wote.

TUSIKOSEE MAANA

Hapa nataka kuzuia kosa moja. Mtu asije akasema: Kama wote ni wenye dhambi, basi hakuna mwenye hatia. Bwana hakusema hivyo. Hakusema Pilato hakufanya neno. Aliyepanga treni ana hatia ambayo aliyepakiwa hana. Wayahudi milioni sita waliuawa bila kosa lo lote, na mtu asijaribu kutafuta kosa lao. Toba haipunguzi ubaya wa mwuaji. Toba humwondolea mtazamaji kile kiburi cha kudhani kwamba ubaya ni ugonjwa wa taifa fulani, au wa rangi fulani.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1994, nchini Rwanda, jirani zetu waliobatizwa waliwaua jirani zao waliobatizwa, na wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Ntarama na Nyamata. Kabla ya panga kuinuliwa watu walikuwa wamezoezwa kuwaita wenzao mende. Huko Ujerumani nako Wayahudi walikuwa wameitwa panya na wadudu. Kwa hiyo mkisikia katika mkutano wa siasa, au kilabuni, au hata kwenye baraza ya kanisa, watu wa kabila fulani au dini fulani wanapewa jina la mnyama, msicheke. Treni ya kwanza huondoka hapo.

TUFANYE NINI?

Sasa nirudi kwa aliyeuliza. Ndiyo, Mkristo aweza kwenda mahali hapo, na ni vema aende. Lakini aende hivi.

Kwanza, aende kwa kicho, kama aendaye matangani. Karibu na lango kuu la Berlin kuna uwanja wa mawe ya zege 2,711, uliofunguliwa mwaka 2005 kwa ukumbusho wa Wayahudi waliouawa. Wageni wengine huruka juu ya mawe yale na kupigana picha wakicheka. Sisi tusiwe miongoni mwao. Asome Zaburi ya 130 kabla ya kuingia.

Pili, aondoke na jina moja. Milioni sita hatuwezi kuzibeba moyoni, lakini jina moja twaweza. Alitaje katika sala zake mwaka mzima.

Tatu, aende kanisani. Waanglikana wa Berlin wanalo kanisa lao la Mtakatifu George. Lile la kwanza liliharibiwa katika vita. La sasa lilijengwa mwaka 1950. Na katika makaburi ya vita yaliyo upande wa magharibi wa mji wamelazwa askari zaidi ya 3,500 wa nchi za Jumuiya ya Madola, wengi wao vijana wa ndege zile zilizokuwa zikitupa mabomu juu ya mji. Aombe kwa ajili yao, na kwa ajili ya wale waliokuwa chini ya mabomu.

Nne, akirudi asimulie watoto, lakini asiwapandie chuki juu ya Wajerumani wa leo. Ni watu wachache walioacha aibu yao katikati ya mji, kila mpita njia aione. Hilo nalo ni tunda la toba, na sisi twaweza kujifunza.

Na ninyi ambao hamtasafiri kamwe, msidhani hamna la kutazama. Kila kijiji kina mnara wake ulioanguka, mahali ambapo jambo baya lilifanyika na watu hawapendi kulitaja. Mwendeeni Bwana na habari hiyo. Naye atawauliza habari zenu.

Baada ya maneno yale makali Bwana alitoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe, lakini mtunza shamba aliuombea mwaka mmoja tena, apate kuuchimbia na kuutilia samadi. Ndugu, sisi tungali katika mwaka ule ulioombwa. Hatujui umebaki miezi mingapi. Tusiutumie kuhesabu matunda ya miti ya watu wengine.

Tuombe. Ee Mungu mwenye huruma, unayejua kwa jina kila mtu aliyeuawa, na kila mtu aliyefunga pazia lake asione: utufundishe kutazama misiba ya mataifa tukiona na dhambi zetu, uwape pumziko waliokufa bila kosa, utupe ulimi wa kusema tunapoogopa kusema, na jirani wa kumtetea kabla hajaondolewa, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Padre wenu katika Kristo